KUFUNGA BILA KUNYWA MAJI: FAIDA ZAKE NA HATARI ZAKE

Katika nchi ya Kenya wako watu wengi wanaofunga pasipo kula wala kunywa. Waislamu hufanya hivyo katika mwezi wa Ramadhani, kila siku tangu alfajiri mpaka jua kuchwa. Wayahudi hufunga muda wa saa 25 hivi katika Siku ya Upatanisho. Miongoni mwa Wakristo nao wako wanaofunga hata siku tatu bila maji, wakifuata mfano wa Malkia Esta, na saumu hiyo huitwa na wengi "kufunga kavu". Tena wako wanaofunga kavu si kwa ajili ya dini, bali kwa kuwa wameambiwa kwamba kiu huponya maradhi na kuondoa unene.

Shabaha ya somo hili si kushindana na dini ya mtu yeyote. Shabaha yake ni kueleza jinsi mwili unavyoyatumia maji, ili kila afungaye aujue mpaka wa nguvu zake, na ili mgonjwa asije akajidhuru kwa kuona haya.

HESABU YA MAJI MWILINI

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu ni maji. Mwanamume mwenye uzito wa kilo 70 ana maji yapatayo lita 42. Hata hivyo, maji hayo si akiba iliyowekwa ghalani. Chakula kina ghala lake: sukari huwekwa katika ini na misuli, na mafuta huwekwa chini ya ngozi na tumboni, hata mtu aweza kuishi majuma kadhaa kwa mafuta yake mwenyewe. Maji hayana ghala. Yote yaliyomo mwilini yamo kazini, na yanayotoka hayana budi kurudishwa.

Nayo hutoka kila saa: kwa mkojo, kwa jasho, kwa pumzi na kwa haja kubwa. Mtu aliyetulia mahali pasipo joto kali hupoteza lita 2 hivi kwa siku. Lakini afanyaye kazi ngumu juani aweza kutokwa na jasho la lita 1 au zaidi kwa saa moja tu. Basi karani aketiye ofisini na hamali asukumaye mkokoteni katika njia za Mombasa wanafunga saumu moja, lakini hesabu zao za maji si moja. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari", na maji ya mwilini ni mali ya namna hiyo.

Mtu asipokunywa, mwili hubana matumizi yake. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huziagiza figo ziyazuie maji, na mkojo huwa kidogo, wenye rangi ya manjano iliyokolea. Lakini figo haziwezi kuufunga mlango kabisa, kwa maana taka za damu hazitoki pasipo maji. Hata katika kubana sana, kwa kawaida yahitajiwa nusu lita hivi ya mkojo kila siku. Mtu akipoteza maji yaliyo sawa na sehemu 2 katika kila 100 za uzito wake, yaani kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70, nguvu zake za kazi na uangalifu wake huanza kupungua. Akizidi kupoteza, kichwa humwuma, moyo humwenda mbio, naye huona kizunguzungu asimamapo. Baadaye akili huchanganyika, figo hushindwa, na mwisho wake ni kifo.

KWA NINI SAUMU YA RAMADHANI HUVUMILIKA

Watu wengi wenye afya hufunga Ramadhani tangu ujana mpaka uzee wala hawapati dhara la kudumu. Sababu yake ni kwamba saumu hiyo ina mpaka. Mombasa, iliyo karibu na ikweta, muda tangu alfajiri mpaka Magharibi ni saa 13 na nusu hivi, na haubadiliki sana mwaka mzima. Kisha usiku hufuata, na deni la mchana hulipwa kwa futari na daku. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, saumu ya siku za kiangazi yaweza kupita saa 18, nao usiku wa kulipa deni ni mfupi.

Pwani ya Kenya shida si urefu wa mchana, bali ni joto. Mwezi wa Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa hiyo huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2025 karibu Ramadhani yote iliangukia mwezi wa Machi, wakati wa joto la kaskazi. Katika miaka ya namna hiyo, afanyaye kazi za nguvu yampasa azifanye asubuhi mapema, na kukaa kivulini adhuhuri.

FAIDA ZA KWELI NA ZISIZO ZA KWELI

Faida ya kwanza ya saumu ni ile ambayo dini yenyewe huitaja: ucha Mungu, kujizuia, na kuijua njaa ya maskini. Faida hiyo haipimwi kwa mizani ya daktari. Faida za mwili zipo pia, ingawa ni za kiasi. Wengi hupungua uzito kidogo katika Ramadhani, lakini uzito huo kwa kawaida hurudi baadaye. Mwenye kuvuta sigara naye hupata nafasi njema ya kuiacha, kwa kuwa amekwisha kuiacha mchana kutwa.

Lakini faida hizo hutokana na kula kidogo na kwa taratibu, wala hapana ushahidi kwamba kiu yenyewe ni dawa. Mtu afungaye kavu siku mbili akapima uzito wake, huona amepungua sana, naye hufurahi. Kumbe sehemu kubwa ya kilichopungua ni maji, nayo yatarudi atakapokunywa. Wengine husema kwamba mafuta ya mwili yakiyeyuka hutoa maji ya kutosha. Ni kweli kwamba gramu 100 za mafuta zikitumika hutoa gramu 107 hivi za maji, lakini kiasi hicho hakijazi hata kikombe, na mwili hupoteza lita 2. Wengine husema kwamba kiu husafisha sumu. Jambo hilo ni kinyume, maana wasafishaji wa damu ni ini na figo, na figo hazifanyi kazi hiyo bila maji.

WALE WASIOFAA KUFUNGA BILA SHAURI

Wako watu ambao saa 13 tu zaweza kuwaletea hatari: wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo au mawe ya figo, wenye selimundu, yaani wale ambao chembe zao za damu hupindika kama mundu, wazee dhaifu, wanawake wajawazito na wanyonyeshao, na kila atumiaye dawa za mchana. Mwenye selimundu akipungukiwa na maji, chembe zake huziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali. Kuhusu kisukari, uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba kushuka vibaya kwa sukari ya damu katika Ramadhani kuliongezeka mara 4.7 kwa wale wa aina ya kwanza, na mara 7.5 kwa wale wa aina ya pili.

Mgonjwa asidhani kwamba akila amevunja heshima yake. Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, inampa ruhusa mgonjwa na msafiri kufungua na kulipa siku nyingine. Na asiyeweza kabisa hutoa fidia ya kumlisha maskini. Basi mwenye maradhi na amwendee daktari kabla ya mwezi kuandama, kisha amwulize shehe wake. Asiache dawa wala asibadili saa zake kwa shauri lake mwenyewe.

SAUMU ISIYO NA MPAKA

Mwaka 1981, katika gereza la Maze huko Ireland ya Kaskazini, wafungwa 10 waliokataa chakula walikufa. Lakini walikuwa wakinywa maji, na vifo vyao vilitokea kati ya siku ya 46 na ya 73. Anyimwaye maji hafiki huko. Kwa kawaida hufa katika siku chache tu, na katika joto hufa mapema zaidi.

Watu wa Kenya waliona msiba wa jambo hili kwa macho yao mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Humo zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Mola wao. Kiongozi wao alishtakiwa mahakamani, naye akakana mashtaka. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto, ambao hawakuwa na uwezo wa kuchagua. Saumu isiyo na saa ya kufungua haifai kuitwa saumu, na mtu ayajuaye mambo ya namna hiyo katika jirani yake yampasa awapashe habari chifu na polisi mara moja.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Afungaye na achelewe kula daku, wala asiiache. Jioni na aanze kwa maji na tende chache, kisha anywe kidogo kidogo mpaka usiku, wala asibugie yote kwa mara moja. Madafu, uji na matikiti ni vyema. Achari na vyakula vya chumvi nyingi huongeza kiu.

Mkojo ukikoma, au mtu akizimia, au maneno yake yakichanganyika, au akitapika na kuhara, saumu ifunguliwe pale pale. Alazwe kivulini, naye akiwa na fahamu anyweshwe kwa vijiko maji safi lita 1 yaliyotiwa sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vilivyosawazishwa. Asiye na fahamu asimiminiwe kitu kinywani, bali apelekwe hospitali upesi. Na aliyekaa siku nyingi bila chakula asipewe sahani iliyojaa, kwa kuwa chakula kingi cha ghafula huvuruga chumvi za damu na chaweza kumwua. Huyo pia ni wa kupelekwa kwa daktari kwanza.