Katapila likikataa kugeuka, usikimbilie kukaza breki

Mvua kubwa ikinyesha juu ya Bujumbura, mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka na mawe na tope kutoka milimani, na katapila huitwa kufungua njia. Yapo makatapila yaliyomzidi dereva umri, na bado yanafanya kazi. Yanahitaji tu mtu anayeujua mwili wa mashine.

Mashine hizi za zamani hazina usukani wa duara, bali mikono miwili ya kuvuta, mmoja kila upande. Nyuma, kila upande una klachi yake na breki yake. Ukivuta mkono wa kulia, klachi ya kulia inaachia, mnyororo wa upande huo unakosa nguvu, wa kushoto unaendelea kusukuma, na mashine inakata kulia. Kona ikiwa kali, unakanyaga na breki ya upande uleule. Ndiyo maana "breki imekufa" mara nyingi ni klachi isiyoachia. Fundi akikaza breki bila kulijua hilo, klachi inasukuma, breki inazuia, na zote mbili zinaungua.

Basi pima kwanza. Tazama kama minyororo imekazwa sawa, maana mmoja ukilegea huvuta mashine upande. Kisha tafuta uwanja tambarare usio na watu, elekeza bledi kwenye tuta la udongo, tia gia ya kwanza, sukuma. Mnyororo mmoja ukisimama na mwingine unazunguka, klachi ya uliosimama inateleza. Sasa vuta mkono mmoja. Mnyororo wa upande huo ukiendelea kusukuma, klachi haiachii. Klachi ikiachia vizuri lakini mashine haikati kona hata ukikanyaga pedali mpaka chini, hapo ndipo ushuku breki.

Kabla ya kufungua chochote kikubwa, zima injini, shusha bledi chini, zuia minyororo kwa magogo. Kwenye mashine zenye klachi kavu, lala chini utafute tundu la kutolea uchafu chini ya chumba cha klachi. Pokea kinachodondoka kwenye kopo. Oili nzito yenye harufu ya gia inasema sili imechoka na oili imelowesha klachi na breki; kukaza hakutasaidia, badilisha sili. Maji ya rangi ya kutu yanasema mashine iliingia mtoni tundu likiwa wazi, au ililala miezi mingi kwenye mvua, na diski huenda zimegandana. Tundu hilo huzibwa kabla ya kuingia majini na kufunguliwa baadaye. Ni kazi ya dakika chache, lakini nadhani husahaulika kuliko zote.

Kama ni pakavu, pima mchezo wa mkono, yaani umbali unaokwenda kabla ya kuanza kuvuta. Ukikosekana kabisa, klachi haishiki sawasawa, inateleza. Ukizidi, haiachii. Kipimo kifuate kitabu cha mashine yako, usiazime cha jirani.

Jambo la miteremko ndilo linaloua. Ukishuka kilima kama vile vya Kiriri, uzito unaisukuma mashine na injini ndiyo inayoizuia. Ukivuta mkono wa kulia bila breki, mnyororo wa kulia unaachiwa, unakimbia, na pua inageuka KUSHOTO. Dereva mgeni hudhani usukani umeharibika, anavuta zaidi. Hakuna ubovu hapo. Kata kona kwa mkono na breki ya upande mmoja pamoja. Chagua gia ndogo ukiwa bado juu, usiibadilishe njiani, na mashine ikikimbia shusha bledi ardhini mara moja.

Ukifika kwenye bendi za breki, usipulize vumbi lake kwa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi hilo huleta saratani miaka mingi baadaye. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji, kifunge kwenye mfuko, na uvue nguo za kazi garajini kabla ya kwenda kuwabeba watoto nyumbani.