Kutoka Wajir hadi Garissa: Jinsi ya Kukadiria Muda wa Ndege

Mgonjwa anapoletwa Garissa kwa ndege kutoka Wajir, jamaa wanaomngoja huuliza: atafika saa ngapi? Unaweza kukadiria mwenyewe.

Kwanza, tafuta umbali. Garissa iko karibu nusu digrii kusini mwa Ikweta. Wajir iko digrii moja na robo tatu hivi kaskazini. Jumla ni digrii mbili na robo. Kila digrii ni takriban kilomita 111, kwa hivyo umbali wa angani ni karibu kilomita 250. Barabara ya kupitia Habaswein na Modogashe hupinda, nayo huzidi kilomita 300.

Pili, gawanya umbali kwa kasi. Ndege ndogo ikienda kilomita 300 kwa saa, itachukua dakika 50. Ongeza dakika 10 za kupaa na kutua: saa moja. Ikiwa ndege inatoka Garissa kumfuata mgonjwa, hesabu kwenda na kurudi: saa mbili, mbali na muda wa kumpakia.

Tatu, hesabu safari ya ardhini. Mgonjwa anayetoka kijiji kilicho saa tatu kutoka uwanjani atatumia muda mrefu zaidi garini kuliko angani. Msimu wa mvua, laga zikijaa, huenda gari lisipite kabisa.

Kwa hivyo, usianze kuhesabu ndege inapopaa. Anza nyumbani, na mjulishe mhudumu wa afya mapema, hali ya mgonjwa ikianza kubadilika.