Kwa nini misalaba ya mawe imo ukutani mwa makanisa?

Swali: Kwa nini vipande vya misalaba ya kale ya Uingereza hupatikana ndani ya kuta za makanisa?

Jibu: Kwa sababu waashi waliona mawe, hawakuona sanaa.

Msalaba wa Easby, Yorkshire, ulichongwa kati ya mwaka 800 na 820. Ulikuwa na sura za Kristo na mitume, pamoja na mizabibu yenye ndege na wanyama. Baadaye ulivunjwa, na vipande vitatu vikajengewa ukutani mwa kanisa la kijiji. Leo vimo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London.

Misalaba mingine ilivunjwa kwa makusudi. Misalaba ya Sandbach, Cheshire, iliangushwa baada ya Mageuzi ya Kiprotestanti, ikasimamishwa tena mwaka 1816.