Mpaka wa Kwanza Uko Kaunta: Vidokezo kwa Msafiri wa Biashara

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo anajua bei ya kontena, anamjua ajenti wa kumtolea mzigo bandarini, na anajua bidhaa gani itakwisha dukani kabla ya Krismasi. Kinachomwangusha siku hizi ni karatasi, au ndege isiyoruka. Masharti ya kuingia nchi za watu yanabadilika katikati ya mwaka, anga linafungwa kwa saa chache likavuruga wiki nzima, na anayekurudisha nyumbani mara nyingi si afisa uhamiaji wa ng'ambo. Ni kijana wa kaunta pale pale uwanja wa Julius Nyerere au Jomo Kenyatta. Basi tuanze naye.

1. Mjue anayekukagua

Shirika la ndege likikupakia bila viza inayotakiwa, nchi uendako inaweza kulitoza faini, na ni juu yake kukurudisha ulikotoka. Ndiyo maana kijana wa kaunta huwa mkali kuliko uhamiaji wenyewe. Kwenye kompyuta yake ana Timatic, hazina ya masharti ya kuingia nchi mbalimbali inayotunzwa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani. Anaingiza uraia wako, uendako na unakopitia. Skrini ikisema hapana, afisa wa ubalozi aliyekwambia "hakuna shida" hutampata saa tisa usiku.

Habari njema ni kwamba mashirika kadhaa makubwa yameweka kwenye tovuti zao sehemu ya kuuliza masharti hayo hayo. Uliza wewe kabla hujaulizwa. Na kama una barua inayokupa ruhusa ya pekee, ichapishe ufike mapema, ili msimamizi wa zamu apate muda wa kupiga simu zake.

2. Soma masharti mara tatu

Kabla ya kulipia tiketi, wiki moja kabla ya safari, na siku moja kabla. Ukidhani ni wasiwasi wa bure, tazama Kenya. Mpaka mwisho wa 2023 wageni wengi waliomba viza. Januari 2024 viza ikafutwa, kikaja kibali cha kielektroniki kiitwacho eTA, cha dola 30, kilichowabana hata Waafrika waliokuwa wakiingia bila viza. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakasamehewa. Mwaka 2025 Waafrika wengi nao wakaondolewa. Mzambia anayekwenda Nairobi mara moja kwa mwaka alikuta utaratibu mpya kila alipofika.

Marekani imekwenda kasi zaidi. Oktoba 2025 Watanzania waliingizwa kwenye mpango wa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa viza za biashara na matembezi. Desemba ya mwaka huo huo likatoka tangazo la rais, na tangu 1 Januari 2026 utoaji wa viza hizo kwa Watanzania ukasitishwa, ingawa zilizokwisha kutolewa hazikufutwa. Aliyesoma masharti Septemba, akapanga maonyesho ya Februari, alikuwa anasoma historia.

Mengine ni madogo lakini yanakera. China, kwa mfano, tangu 20 Novemba 2025 inapokea kadi ya kuwasili kwa njia ya mtandao. Ijaze kabla ya kuondoka. Kuhangaika na intaneti ya uwanjani huku watu mia wako nyuma yako si mwanzo mzuri wa safari.

Na tafadhali, ujumbe uliosambazwa mara nyingi WhatsApp hauna tarehe. Tafuta tovuti ya uhamiaji au ya ubalozi wa nchi husika, kisha uangalie ukurasa ulisahihishwa lini.

3. Unakopitia nako ni nchi ya watu

Hapa ndipo tiketi ya bei poa inapouma. Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi au Mkongo anayebadilisha ndege Heathrow anatakiwa awe na viza ya kupita, hata kama hatotoka nje ya uwanja, isipokuwa awe na kimojawapo cha vibali vinavyomsamehe, kama viza halali ya Marekani au Kanada. Mkongo wa Kinshasa au Lubumbashi anadaiwa viza ya kupita pia katika viwanja vya nchi za Ulaya za Schengen.

Kuna mtego mwingine: tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Ya kwanza inakufikisha Istanbul, ya pili inaanzia Istanbul. Kwa macho ya kaunta ya Dar, safari yako inaishia Uturuki. Begi lako pengine litatolewa pale, na wewe utalazimika kuingia nchini kulichukua na kulipeleka upya. Hapo viza ya Uturuki si hiari tena.

4. Kuingia bila viza si leseni ya kufanya biashara

Raia wa Afrika Mashariki hupita Namanga au Mutukula bila kuombwa viza, na wengine huchukulia kwamba mlango ukishafunguliwa kila kitu ni ruksa. Siyo. Kukutana na mteja, kukagua bidhaa na kusaini mkataba ni jambo moja. Kufunga mashine, kuuza rejareja au kupokea mshahara ni jambo jingine, na lina vibali vyake. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Wafanyabiashara wa Kenya walilalamika sana, na haikuwa ajabu. Lakini aliye mpakani na bidhaa zake hajibiwi kwa malalamiko ya magazetini. Barua yako ya mwaliko iseme kwa maneno ya wazi unakwenda kufanya nini, kwa siku ngapi, na nani analipa.

5. Hesabu siku za Ulaya kwa kidole, si kwa kukisia

Kanuni ya Schengen ni siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, siku ya kuingia na ya kutoka zote zikihesabiwa. Viza ya kuingia mara nyingi, hata ya miaka miwili, haiongezi siku hizo. Zamani afisa alipekua mihuri, akachoka, akakuachia. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuweka kumbukumbu za kuingia na kutoka kwenye kompyuta, katika mfumo uitwao EES, na kompyuta haichoki. Andika tarehe zako nyuma ya daftari la safari. Foleni mpakani pia zimekuwa ndefu kwenye baadhi ya viwanja, basi usipange kikao saa moja baada ya kutua.

6. Pasipoti

Miezi sita ya uhai kuanzia siku unayoingia. Kurasa mbili nyeupe. Jina kwenye tiketi lifuate pasipoti herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema Mwanaidi, ajenti asiandike Mwanahidi. Basi.

7. Kadi ya manjano

Chanjo ya homa ya manjano ikichomwa leo, cheti chake kinaanza kutambulika baada ya siku 10. Kuchanjwa siku moja kabla ya safari kwa hiyo hakusaidii kitu. Tangu 11 Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Ukikutana na afisa asiyejua hilo, mwoneshe kwa upole kwamba ni kanuni ya Shirika la Afya Duniani. Upole unasaidia kuliko kanuni.

8. Panga kana kwamba ndege moja haitaruka

Tazama orodha ya miaka michache tu. Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma na Nairobi ikajaa abiria waliolala juu ya mabegi. Januari 2024, Tanzania ilitangaza kuzisitisha ndege za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar kwa mgogoro wa haki za mizigo; ukamalizwa kabla ya siku yenyewe kufika, lakini waliokuwa na tiketi hawakulala. Tarehe 16 Aprili mwaka huo, mvua kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Falme za Kiarabu tangu 1949 iliigharikisha Dubai. Septemba, wafanyakazi wa Jomo Kenyatta waligoma. Machi 2025, moto katika kituo cha umeme uliifunga Heathrow karibu siku nzima. Juni, Qatar ilifunga anga lake jioni moja na ndege zilizokuwa njiani kwenda Doha zikageuzwa.

Tarehe nyingi kati ya hizo hakuna abiria aliyezijua alipolipia tiketi. Unachoweza kufanya ni kununua nafasi. Maonyesho ya biashara ya Canton, pale Guangzhou, huanza Aprili na Oktoba kwa awamu tatu, na kila awamu ina bidhaa zake: vifaa vya umeme na mashine kwanza, vya nyumbani katikati, nguo mwishoni. Ukikosa awamu yako umekosa wauzaji wako hadi msimu mwingine. Fika siku mbili kabla. Hoteli ya siku mbili ni ghali, lakini nauli iliyopotea ni ghali zaidi.

Halafu uijue njia yako ya pili kabla hujaihitaji. Dubai, Doha na Abu Dhabi ziko anga moja kwa maana ya hatari. Mvutano wa Ghuba ukizuka, zote zinayumba pamoja. Njia mbadala ni ya upande mwingine, kama Addis Ababa. Kwa safari ya Dar na Nairobi, au Arusha na Nairobi, usilidharau basi la Namanga.

9. Ndege ikifutwa, simama foleni huku unapiga simu

Foleni ya kaunta husogea kwa watu, simu na programu ya shirika husogea kwa viti. Anayetumia vyote huondoka kwanza. Omba sababu ya kufutwa kwa maandishi na utunze risiti za chakula na malazi.

Ukiwa unaondoka uwanja wowote wa Umoja wa Ulaya, kwa shirika lolote, sheria yao namba 261 ya 2004 inakupa chakula, malazi na njia nyingine ya kufika. Kama kosa ni la shirika, na si la hali ya hewa au anga kufungwa, safari ya zaidi ya kilometa 3,500, mathalani Amsterdam hadi Nairobi, inaweza kukupa fidia ya hadi euro 600. Wengi wetu hatudai. Sijui tunamwonea nani haya. Kwa begi, Mkataba wa Montreal unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi likiharibika, na 21 baada ya kulipokea kama lilichelewa.

10. Chapisha kila kitu

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatika Tanzania na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam. Viza iliyo kwenye barua pepe haikufunguka, wala pesa ya teksi haikutumika kirahisi. Nakala mbili za karatasi, moja kwenye begi la mkononi na moja kwa mtu wa nyumbani, pamoja na dola chache ambazo hazijachanika, hazihitaji mtandao.

11. Isome bima kabla haijahitajika

Bima ya Schengen ya euro 30,000 inalipia matibabu na kurudishwa nyumbani. Kikao ulichokosa haikihusu. Bima nyingi hazilipii hasara ya vita, na ukinunua baada ya mgomo kutangazwa utaambiwa ulishajua. Inunue siku unayolipia tiketi, na utafute neno "kuchelewa" uone linaanza baada ya saa ngapi.

12. Weka mtu upande wa pili

Kabla ya kuondoka, kubaliana na ajenti wa Guangzhou, Dubai au Istanbul kwamba usipofika ataukagua mzigo kwa niaba yako, kwa ada mliyokwisha kuitaja. Mwachie sampuli kutoka safari iliyopita, picha za lebo na vipimo vilivyosainiwa. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka akutumie video ya katoni zikifunguliwa, tatu au nne, ulizochagua wewe kwa namba.