Kabla ya Bonasi ya Chai Kulipia Karo ya Kriminolojia

Bonasi ya majani chai ikiingia, wazazi wengi wa Nyansiongo huanza kupiga hesabu za karo. Kijana anayetamani kuwa polisi huenda akaomba kulipiwa kozi ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu na haki. Mzazi aelewe kwanza kwamba kozi hiyo si sharti la kuajiriwa konstebo. Kurutu huangaliwa uraia, umri, afya, rekodi ya uhalifu na alama ya KCSE isiyopungua D+. Kazi yenyewe hufunzwa baadaye, katika vyuo vya polisi kama kile cha Kiganjo, Kaunti ya Nyeri.

Usajili wa makurutu haulipiwi. Anayedai pesa ili "kupanga mambo" anavunja Sheria ya Hongo ya 2016, na anayempa anaivunja vilevile. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili hiyo harudi zizini.

Kozi ina manufaa yake kwa anayelenga huduma za probesheni, upelelezi au usimamizi wa usalama katika kampuni. Shahada huhitaji C+, diploma C-. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, hufunza shahada hiyo. Chuo cha diploma kinachojitangaza mjini sharti kiwe kimesajiliwa na TVETA. Mzazi aombe kuona cheti cha usajili, maana kibao cha barabarani hakitoshi.

Anayengoja usajili wa polisi anaweza kuomba cheti cha tabia njema mapema kupitia eCitizen, kisha achukuliwe alama za vidole.