Uyoga wa dawa hauanikwi chini

Tangu masika yaanze, barua nyingi zinauliza jambo moja: kwa nini dalali aliyekuwa akigombania unga wa uyoga sasa anaukataa, au anautaka kwa bei ya pumba? Nimepita kwenye mabanda kadhaa ya kina mama, na jibu nimelikuta uani.

Uyoga umeanikwa mzimamzima juu ya turubai, chini, kuku wanapita. Jioni unakunjwa na unyevu wake, asubuhi unafunuliwa tena. Siku ya nne umeshakuwa wa kahawia na unanuka uvundo, ndipo unapelekwa kusagwa. Mtu ale huo apate afya?

Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Kilo 10 hukupa kilo 1 hivi ya mkavu. Kwa hiyo uchane siku ileile unapouvuna, uutandaze kwenye kichanja cha wavu, upande wa matamvua ukitazama juu. Jua likipiga hapo, ergosteroli iliyomo hugeuka kuwa vitamini D2, na saa chache za jua kali zinatosha. Malizia penye kivuli na upepo, au kwenye kikaushio, joto lisizidi nyuzi 60. Kipande kikipinda, bado; kikivunjika kwa mlio, kimekauka. Mvua ya wiki nzima ikija, uza mbichi. Msilazimishe.

Sasa hiyo dawa yenyewe. Beta-glukani, inayosifiwa kwa kuamsha kinga ya mwili, imejengwa ndani ya kuta za seli za uyoga, na kuta hizo ni ngumu. Ndiyo maana uyoga huchemshwa. Kulamba unga mkavu hakutoi mengi. Wajapani walichuja lentinani kutoka kwenye shiitake, wakaisafisha, ikawa sindano ya kusaidia wagonjwa wa saratani ya tumbo wakiwa kwenye dawa nyingine za saratani. Toka hapo hadi kijiko cha unga cha dalali anayeahidi kuponya kisukari ni safari ndefu, na ninachukia kuona jasho la mkulima likibebeshwa uongo huo.

Wapo pia wanaochanganya unga wa muhogo. Dondoshea iodini kwenye unga uliochanganywa na maji: ukigeuka buluu iliyokoza karibu na weusi, umetiwa wanga. Uyoga hauweki akiba ya wanga, huweka glaikojeni.

Usikubali mavuno yako yafungwe kwenye pakiti iliyoandikwa "inatibu". Dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wewe unauza chakula, tena chakula kizuri. Mteja mwenye kisukari mwambie asiache dawa za hospitali.

Walioandika kuhusu inzi bandani, nafasi imeisha. Hadi wiki ijayo, tafadhali msipulize sumu ya wadudu juu ya uyoga.