Mkoma, Mamba na Kisima: Namna ya Kuanza Kusoma Waandishi Wagumu

Mwanafunzi wa Garsen au Hola akitajiwa mwandishi mgumu wa Kiswahili, kitu cha kwanza anachopewa ni mwongozo. Anakariri maudhui, anakariri mbinu za uandishi, anapita mtihani, na kazi yenyewe hajaionja. Miaka kumi baadaye bado anaamini kwamba Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Nagona ni vya maprofesa. Imani hiyo inaniuma, kwa sababu wasomaji wa Delta ya Tana wana mtaji ambao maprofesa wengi hawana: vitu vinavyotajwa ndani ya kazi hizo wanaviona kila siku.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao. Usiulize maana kabla hujashika kitu. Mwandishi akitaja mti, mjue mti huo. Akitaja kisima, jiulize watu huteka maji vipi pale. Fikra nzito hupandishwa juu ya vitu hivyo, na asiyevijua hubaki kukariri maelezo ya mtu mwingine.

Anzia nyumbani, kwa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani. Masimulizi yake yamezunguka Ozi, Shaka na Ungwana, na mpaka leo wenyeji wa Kipini huonyesha mahali wanapopaita kaburi lake. Lakini usikimbilie nyimbo zinazosemekana alizitunga mwenyewe, maana ndizo ngumu kuliko zote. Tafuta kwanza kisa chake cha nathari, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi. Ukishajua nani alimfunga nani, ingia kwenye utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913. Abdilatif Abdalla aliuhariri, ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Nyimbo zenyewe zije mwisho; kuna mkusanyo wake mkubwa wa mwaka 2004 uliotolewa Ujerumani, wenye maelezo mengi, na si aibu kuufikia baada ya mwaka mzima.

Ndani ya utenzi huo kuna mahali ningependa kila anayeanza akae kwa muda. Watu wa msituni wameahidiwa malipo na mtawala wa Pate wamuue Liyongo. Hawathubutu kumkabili ana kwa ana, basi wanapanga kula kikoa: leo huyu anawaandalia wenzake, kesho yule. Chakula ni makoma, na kila mwenye zamu anapanda mti kuyaangua. Zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu, watampiga mishale.

Msomaji wa Nairobi hupita hapo mbio. Wewe simama. Mkoma umeuona kandokando ya mto, unajua shina lake lilivyo refu na jinsi makoma yanavyokaa juu kabisa, kwenye vichala. Mtu anayeupanda mikono yote miwili imeshika shina. Hawezi kuvuta upinde, hawezi kujikinga, na kushuka kunachukua muda. Ukiliona hilo kwa macho ya akilini, utaelewa kwa nini mtego ule ulikuwa mzuri, na kwa nini jibu la Liyongo linashangaza: hapandi. Anabaki chini, anauvuta upinde na kuyaangusha makoma kwa mishale. Zamu yake ameitimiza, kikoa hakukivunja, na wenzake wameona shabaha yake bila yeye kutamka tisho lolote. Sasa uliza maana. Maswali yanakuja yenyewe: mtu aishi vipi na watu anaojua wanataka kumuua? Adabu ya kula pamoja inamfunga mtu hadi wapi? Hayo ni maswali ya falsafa, na umeyafikia kupitia mti.

Kikwazo kingine ni lugha, nacho mara nyingi hudhaniwa kuwa ugumu wa fikra. Tendi za zamani zimetungwa kwa lahaja za kaskazini, hasa Kiamu na Kipate. Chukua ukurasa mmoja wa daftari uandike mabadiliko ya sauti unayokutana nayo: ndia ni njia, ndaa ni njaa, mato ni macho, teka ni cheka, mai ni maji, mui ni mji. Ukurasa huo ukishajaa, sehemu kubwa ya giza imeondoka. Maneno yatakayosalia ndiyo ya kutafuta kwenye kamusi, na Kandi ya Kiswahili ya Ahmed Sheikh Nabhany itakufaa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mshairi wa Lamu. Kumbuka pia kwamba tendi hizi ziliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, ambazo haziweki wazi kila sauti ya Kiswahili, ndiyo maana matoleo mawili huweza kutofautiana katika mshororo uleule. Ukiona hivyo usidhani umekosea kusoma. Linganisha, uchague linaloingia akilini.

Kisha mtafute mzee. Kipini, Witu na Lamu bado wapo wanaozisoma tendi kwa sauti. Mwamkie, kaa, mwombe akusomee beti chache bila kueleza. Halafu uliza jambo dogo: hiki kifaa ni kipi, hili neno mnalitumia wapi. Ukimuuliza moja kwa moja utenzi mzima una maana gani utapewa mawaidha, mazuri pengine, lakini yatakuwa yake na wewe utarudi nyumbani bila swali lako.

Baada ya Liyongo, soma shairi la Mamba katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mshairi anatangaza tangu mwanzo kwamba ataufumba ujumbe wake. Watu wengi wakisikia hivyo huruka moja kwa moja kwenye siasa. Mkaazi wa Tana na aanze na mamba wa kweli: mtoni ana nguvu ambayo nchi kavu hana, na hukaa kama kwamba mto ni wake. Soma shairi mara mbili ukiwa na mnyama huyo tu. Ndipo ukumbuke kwamba mtunzi alifungwa mwaka 1969 kwa miaka mitatu kwa kuandika kijikaratasi cha Kenya: Twendapi?, na kwamba mashairi ya diwani hiyo, iliyotoka 1973, aliyatunga gerezani. Kwa kawaida napendekeza utangulizi usomwe mwisho. Hapa habari hiyo ya kifungo ni lazima, lakini ije baada ya mamba.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate inaogopwa zaidi, na si ndefu: haifiki beti 80. Isome kwa sauti, kwa sababu mshororo wa mwisho wa kila ubeti hurudi kwenye kina kilekile, na sikio litakuonyesha ubeti unapofunga hata kabla hujaelewa. Humo dunia inafananishwa na kisima kisicho na ukingo, penye ng'ombe mkali anayempiga pembe kila anayesogea, hata asipate kunywa. Mfugaji wa Kiorma aliyewahi kunywesha mifugo wakati wa ukame hahitaji mwongozo hapo. Anajua mtu mwenye kiu huangalia maji, haangalii pembe. Kuhusu majumba yaliyohamwa yanayoelezwa mbele zaidi, nenda Ungwana, karibu na Kipini, ukatazame kuta za msikiti mkuu uliobaki, kisha usome tena.

Njia hii ina mpaka wake, na mpaka huo ni Euphrase Kezilahabi. Katika Nagona, riwaya yake nyembamba ya mwaka 1990, vitu havitulii ili uvishike. Mahali hubadilika kama ndotoni na wakati haufuati kalenda. Usianze nayo. Soma kwanza Rosa Mistika ya 1971 na Kichwamaji ya 1974, ambamo mtu bado ni mtu na kijiji ni kijiji, uone maswali ya kifo na maana ya maisha yalivyokuwa yakimkera tangu ujana wake. Kisha soma Nagona kwa siku moja au mbili bila kukatisha, penseli mkononi, ukiweka alama tu kwa kila kitu kinachorudi. Mara ya pili soma zile sehemu zenye alama peke yake, uandike karibu na kila moja kilichobadilika tangu kilipotajwa mara ya mwisho. Sura isiyofunguka iache ilivyo, uende kwenye Mzingile ya 1991, ambayo wengi huihesabu kuwa pacha wa Nagona, kisha urudi.